Kwa nini rekebisho langu halikupokelewa? Jibu kuhusu kutuma marekebisho ya hitilafu kwenye miradi ya programu huria

Swali: "Ninasimamia mfumo wa kompyuta wa SACCOS moja mkoani Mwanza. Tunatumia programu huria ya akiba na mikopo inayoendelezwa na watu wa nchi mbalimbali. Niligundua kwamba marejesho ambayo wanachama hulipa kwa simu kati ya saa sita na saa tisa usiku yanaingizwa katika tarehe ya siku iliyotangulia, na mwisho wa mwezi hesabu zinavurugika. Nilirekebisha kwa kuongeza saa tatu kwenye muda wa malipo kabla haujahifadhiwa. Kwa kuwa nilikuwa nimeshaingia ndani ya msimbo, yaani maandishi yenyewe ya programu, nilipanga upya nafasi za mistari katika mafaili mengi na kusahihisha dosari mbili ndogo za ripoti, kisha nikatuma vyote pamoja kwa kichwa 'Marekebisho'. Mtunzaji wa mradi aliniandikia mistari miwili tu, akitaka nigawanye kazi ile na niongeze jaribio. Sikumjibu kwa sababu niliona amenidharau, na baadaye ombi langu la kuunganisha marekebisho hayo kwenye mradi likafungwa. Kwetu programu inafanya kazi vizuri hadi leo. Nilikosea wapi, na nifanye nini ili wanikubalie?"

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na lile lililokuumiza. Mistari miwili ya mtunzaji haikuwa dharau. Katika miradi mingi watu wachache, wengi wao wakijitolea baada ya saa za kazi zao, husoma marekebisho ya watu wasiowajua, na mtu anayekuambia kwa ufupi mambo mawili yanayozuia kazi yako isipokelewe amekuonyesha njia ya kupokelewa. Ombi lilifungwa kwa sababu lilikaa bila jibu kutoka kwako. Kufungwa huko si hukumu ya kudumu, na baadaye nitaeleza namna ya kuirudisha kazi yako.

Kiini cha suala lako ni hiki. Anayetuma rekebisho hudhani anatuma msimbo, ilhali anayelipokea anapokea dai lenye sehemu tatu: kwamba programu ilikuwa inakosea mahali fulani, kwamba kosa hilo linatokana na sababu fulani, na kwamba badiliko hili linaondoa sababu hiyo bila kuleta kosa jingine. Mtunzaji hayuko Mwanza, hana hifadhidata yako, hajaona ripoti yenu ya mwisho wa mwezi, na akishaliunganisha badiliko lako ni yeye atakayeulizwa likimharibia mtu mwingine kazi miaka mitatu baadaye, wakati wewe huenda umeshahamia kazi nyingine. Kwa hiyo utaratibu wote wa kutuma marekebisho, hata pale unapoonekana kuwa urasimu mtupu, ni njia ya kumwezesha mtu huyo aliye mbali kuliamini dai lako baada ya kulikagua mwenyewe.

Tuangalie dai lako kwa jicho lake. Unasema malipo ya usiku yanaangukia siku iliyotangulia. Bila shaka ni kweli, na sababu yake naiona: programu nyingi huhifadhi muda kwa saa ya ulimwengu, yaani UTC, na saa za Afrika Mashariki ziko mbele yake kwa saa tatu. Mwanachama akilipa tarehe 1 Aprili saa saba na nusu usiku, kwa UTC bado ni tarehe 31 Machi saa 22:30. Kuhifadhi hivyo si kosa. Ni desturi nzuri. Kosa liko pale ripoti inapochukua tarehe moja kwa moja kutoka kwenye muda wa UTC bila kwanza kuugeuza kuwa saa za mahali chama kilipo. Wewe hukugusa mahali hapo. Uliongeza saa tatu kwenye muda wenyewe kabla haujahifadhiwa, na kwa kuwa nyinyi mko Mwanza, tarehe zikakaa sawa.

Sasa fikiria chama cha Kigali, ambako saa ziko mbele ya UTC kwa saa mbili. Mwanachama wao anayelipa tarehe 31 Machi saa tano na nusu usiku, yaani 21:30 kwa UTC, angeingizwa na msimbo wako katika tarehe 1 Aprili, na angehesabiwa kuwa amechelewa kurejesha mkopo ilhali amelipa kwa wakati. Lagos, walio mbele kwa saa moja, wangeharibikiwa kwa saa mbili nzima kila usiku. Rekebisho linaloponya ofisi yako na kuharibu za wengine haliwezi kuingia katika mradi wa pamoja, hata mtunzaji akikupenda vipi. Sentensi yako "kwetu inafanya kazi vizuri" ni ya kweli kabisa, lakini yeye anahitaji kujua kama itafanya kazi kwa watu ambao wewe hutakutana nao kamwe.

Ndiyo maana nasisitiza kutafuta chanzo kabla ya kugusa mstari wowote. Programu ya Git, inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo na iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kuendeleza kiini cha Linux, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo huria wa uendeshaji wa kompyuta, ina amri mbili ambazo kila anayerekebisha hitilafu anapaswa kuzizoea. Ya kwanza ni `git blame`, inayoonyesha kila mstari uliingizwa na badiliko gani. Ukifuata badiliko hilo utasoma maelezo ya aliyeliandika na kuelewa mstari uliwekwa kwa sababu ipi. Ya pili ni `git bisect`, inayosaidia pale ambapo toleo la zamani lilikuwa zima na jipya ni bovu: unaitajia toleo zima na toleo bovu, nayo inakuletea toleo la katikati ulijaribu, kisha inagawanya tena nusu iliyobaki. Kwa njia hiyo mabadiliko elfu moja humalizika kwa majaribio kama kumi tu, na unajua kwa hakika ni badiliko lipi lililoleta hitilafu. Mtunzaji akiambiwa "hitilafu hii iliingia na badiliko fulani", nusu ya kazi yake imekwisha.

Kuna tukio linaloonyesha hatari ya kurekebisha bila kuelewa chanzo. Mwaka 2006, mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL, programu ya kulinda mawasiliano kwa funguo za siri, katika mfumo wa uendeshaji wa Debian aliona kwamba kifaa cha kukagua kumbukumbu kinalalamikia mistari fulani inayosoma sehemu za kumbukumbu ambazo hazijawekwa thamani. Aliuliza kwanza kwa waendelezaji wa OpenSSL, lakini swali lake lilieleweka kama la mtu anayetafuta hitilafu kwa muda tu, na rekebisho lenyewe kama lilivyoingia kwa watumiaji halikukaguliwa nao. Mistari ikaondolewa, malalamiko ya kifaa yakaisha. Bahati mbaya, mmoja wa mistari hiyo ndio uliokuwa ukiingiza nasibu, yaani thamani zisizotabirika, inayotumika kutengeneza funguo za siri. Kilichobaki kutofautisha ufunguo mmoja na mwingine kilikuwa namba ya mchakato wa kompyuta, ambayo kwa kawaida haizidi 32,768, na kwa hiyo funguo za watu wengi duniani ziliweza kukisiwa. Jambo hilo halikutangazwa hadi Mei 2008. Aliyefanya badiliko hilo alikuwa mtu makini mwenye nia njema, na alikuwa ameuliza. Kilichokosekana ni kuwaonyesha wenye programu badiliko lenyewe, kamili, pamoja na mahali linapokwenda kutumika.

Kwa upande wako, hatua ya kwanza ingekuwa kusakinisha toleo jipya kabisa la programu, lile ambalo bado linaendelezwa, na kuona kama hitilafu ipo. Ofisi nyingi zetu hutumia matoleo ya miaka miwili au mitatu nyuma, na si ajabu kurekebisha jambo ambalo limesharekebishwa. Kisha ungetafuta katika orodha ya hitilafu za mradi kwa maneno mbalimbali: "tarehe", "saa za eneo", "ripoti ya mwezi", kwa lugha inayotumiwa na mradi. Ukikuta mwingine ameshaieleza, unaongeza ushahidi wako hapo hapo. Usipoikuta, unafungua taarifa mpya yenye toleo la programu, mfumo wa kompyuta, hatua za kufuata moja baada ya nyingine, ulichotarajia kukiona na ulichokiona. Katika kesi yako inatosha kuandika: weka saa za eneo kuwa Africa/Dar_es_Salaam, ingiza malipo ya tarehe 1 Aprili saa 01:30, fungua ripoti ya Aprili, malipo hayaonekani, yamo katika ripoti ya Machi. Yeyote, popote alipo, anaweza kurudia hatua hizo kwa dakika chache.

Hapa niseme jambo ambalo kwa wanaofanya kazi na fedha au afya za watu lina uzito kuliko mengine yote. Usiambatishe data halisi. Nimeona taarifa za hitilafu zilizobandikwa picha za skrini zenye majina ya wanachama, namba za simu na salio, na nyingine zenye nakala nzima ya hifadhidata, zote mahali ambapo dunia nzima inasoma. Kilichowekwa hadharani kwenye intaneti hakirudi hata ukikifuta. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019, na hata kama sheria hizo zisingekuwapo, mwanachama hakukupa jina na namba yake ili zikusaidie kueleza hitilafu. Tengeneza wanachama wa kubuni wawili watatu, ingiza malipo ya kubuni, piga picha hizo. Mara nyingi kazi hiyo yenyewe hukusaidia kuona chanzo, kwa sababu inakulazimisha kupunguza tatizo hadi libaki lile lisiloweza kupunguzwa tena.

Kama hitilafu uliyoiona ingemwezesha mtu kuingia asikoruhusiwa au kuona akaunti ya mwingine, hata taarifa ya wazi isingefaa. Miradi mikubwa ina anwani ya faragha kwa mambo ya usalama, mara nyingi ikitajwa katika faili linaloitwa SECURITY, nawe ungeandika huko na kusubiri rekebisho litoke kabla ya kulisema hadharani.

Tuje kwenye jaribio aliloliomba mtunzaji, yaani msimbo mfupi unaoendeshwa ili kukagua kama programu inatoa jibu sahihi. Ninaamini ndilo ombi la haki kuliko yote aliyoweza kukuomba, kwa sababu jaribio ndilo ushahidi unaobaki baada yako. Jaribio zuri la hitilafu lina sifa moja isiyo na mbadala: linashindwa kwa msimbo wa zamani na kufaulu kwa msimbo mpya. Liandike kabla ya rekebisho, liendeshe, ulione likishindwa kwa sababu ile ile uliyoieleza, ndipo urekebishe. Kwa hitilafu yako ningechukua nukta moja ya wakati, 22:30 UTC tarehe 31 Machi, nikaipima kwa maeneo matatu: kwa Dar es Salaam na Kigali ripoti iiweke Aprili, kwa Lagos iiweke Machi. Jaribio hilo dogo lingekuonyesha papo hapo kwamba kuongeza saa tatu hakufai, kabla mtu mwingine hajakuambia. Aidha, seva zinazoendesha majaribio ya miradi mingi hupangwa kwa UTC, na huenda hiyo ndiyo sababu waendelezaji hawakuiona hitilafu hii; kwao tarehe zilikuwa sawa siku zote. Sisi tunaoishi mbali na UTC tuna nafasi ya kuziona hitilafu ambazo wao hawawezi kuziona, na mchango huo ni mkubwa ukiandikwa kwa namna inayoweza kurudiwa.

Kuhusu kugawanya, ulituma mambo manne ndani ya ombi moja: rekebisho la muda, dosari mbili za ripoti, na upangaji wa nafasi za mistari. Upangaji wa nafasi ndio uliokuangusha zaidi. Mtunzaji anapofungua tofauti kati ya msimbo wa zamani na mpya, anaona mamia ya mistari iliyobadilika, na ndani yake imo mistari mitatu au minne yenye maana. Hawezi kujua ni ipi, na ukaguzi wa namna hiyo ni kama kupepeta gunia zima la mchele kutafuta punje chache. Isitoshe, upangaji huo unaharibu kumbukumbu ya `git blame`, kwani kila mstari sasa unaonekana umeandikwa na wewe jana. Kiini cha Linux kina kanuni inayosaidia kupima ukubwa: rekebisho linaloombwa kuingizwa katika matoleo thabiti halipaswi kuzidi mistari 100, pamoja na mistari ya jirani inayoonyeshwa kwa ajili ya muktadha. Si kila mradi una kanuni hiyo, lakini roho yake ni njema. Hitilafu moja, ombi moja, na usiguse mstari usiohusika hata kama unakukera macho.

Faida ya kugawanya huonekana pia siku mambo yakiharibika. Rekebisho lililosimama peke yake linaweza kuondolewa peke yake. Lililofungamana na mengine matatu huondoka nayo.

Kichwa "Marekebisho" kibadilishe. Kichwa kinasomwa na watu ambao hawatafungua ombi lako kamwe: anayeandaa orodha ya mabadiliko ya toleo jipya, anayetafuta hitilafu miaka mitano baadaye, mtunzaji anayepitia maombi hamsini akitafuta la kuanza nalo. Kiwe kifupi, kisizidi herufi sabini hivi, kianze kwa kutaja sehemu ya programu, na kiseme badiliko linafanya nini, kwa mfano "ripoti: tumia saa za eneo la chama kupata tarehe ya malipo". Baadhi ya miradi huhitaji namba ya taarifa ya hitilafu itangulie. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 na ambao Eldoret ni miongoni mwa mahali pa kwanza ulipotumika, hufuata desturi hiyo. Chini ya kichwa andika aya mbili au tatu: mtumiaji anaona nini, kwa nini inatokea, rekebisho limechagua njia ipi na kwa nini limeacha nyingine. Usieleze msimbo unafanya nini mstari kwa mstari, kwa kuwa hilo linaonekana. Eleza lile ambalo msimbo hauwezi kulisema. Katika kiini cha Linux huongezwa pia mstari wa `Fixes:` wenye herufi 12 za kwanza za kitambulisho cha badiliko lililoleta hitilafu, pamoja na kichwa chake, na mstari wa `Reported-by:` unaomtaja aliyeigundua. Kama aliyegundua ni mhasibu wenu, muulize kama angependa kutajwa. Ni haki yake.

Miradi mingi itakutaka uandike kwa Kiingereza. Sentensi fupi na nyofu zinatosha. Hakuna mtunzaji wa maana anayekataa rekebisho sahihi kwa sababu ya sarufi.

Kabla ya kutuma, soma faili la CONTRIBUTING, lenye maelekezo ya mradi kwa wachangiaji, na ufuate linachosema hata pale linapotofautiana na haya ninayokuambia, kwa sababu kila mradi una desturi zake. Utaelezwa humo majaribio yanavyoendeshwa, tawi la msimbo ambalo rekebisho lako lilenge, na kama kuna tamko la haki ya msimbo unalopaswa kutia saini. Tamko hilo lina historia. Mwaka 2003 kampuni ya SCO iliishtaki IBM kwa madai yaliyohusu msimbo ulioingizwa katika Linux, na mwaka uliofuata watu wa Linux wakaanza kudai kila mchangiaji aongeze mstari wa `Signed-off-by:` kuthibitisha kwamba ana haki ya kuutoa msimbo huo chini ya leseni ya mradi. Kwako maana yake ni kwamba, ikiwa uliandika rekebisho kwa muda na vifaa vya SACCOS, upate idhini ya uongozi, ikiwezekana kwa maandishi. Na ikiwa ulisaidiwa na programu ya akili bandia, angalia kama mradi unairuhusu, na usitume mstari ambao huwezi kuueleza ukiulizwa.

Ukishatuma, subiri. Wiki nzima ya kimya ni jambo la kawaida. Baada ya wiki moja au mbili kumbusha mara moja kwa upole, palepale kwenye ombi, bila kuwafuata watu kwenye anwani zao binafsi. Maswali yakija, jibu kila moja, hata kwa kusema "nimebadilisha" au "sikubaliani kwa sababu hii". Kutokubaliana kunaruhusiwa na mara nyingine mchangiaji ndiye mwenye haki. Kinachoua ombi ni kukaa kimya, kama ulivyoona. Unapotuma toleo la pili, eleza kwa ufupi kilichobadilika tangu la kwanza, ili aliyekwisha kusoma asianze upya.

Kwa hiyo fanya hivi. Andika kwenye ombi lililofungwa kwamba umeelewa, unashukuru kwa maelekezo na utaleta maombi mapya yaliyogawanywa. Usilifungue lile la zamani. Fungua taarifa ya hitilafu ya tarehe, uliza kama mradi unakubali kwamba tarehe ya malipo ifuate saa za eneo la chama, kwani huenda tayari kuna mpangilio wa saa za eneo ambao ripoti haiutumii tu. Tuma kwanza dosari moja ndogo ya ripoti, ile iliyo rahisi kuliko zote, ili ujifunze njia na wao wakujue. Rekebisho la muda lifuate, pamoja na jaribio lake. Upangaji wa nafasi uache.

Lipo jambo moja la haraka zaidi, na hili halihusu mradi bali wanachama wenu. Tangu ulipoweka rekebisho lako, kila malipo yamehifadhiwa yakiwa na saa tatu zisizo za kweli, ilhali ya kabla ya hapo ni sahihi. Siku mtakapoweka toleo rasmi lililorekebishwa, malipo ya kipindi hicho yatasogezwa saa tatu nyingine, na safari hii watakaopelekwa siku ya mbele ni wale waliolipa kuanzia saa tatu usiku. Tafuta leo katika kumbukumbu za seva tarehe na saa uliyoanza kutumia badiliko lako, uiandike mahali pa kudumu, na kabla ya kuhamia toleo jipya chukua nakala ya hifadhidata, punguza katika nakala hiyo saa tatu kwa malipo ya kuanzia hapo hadi siku ya kuhama, kisha umpe mhasibu alinganishe jumla za kila mwezi na taarifa za mtandao wa simu kabla hujagusa hifadhidata yenyewe.